Ikulu, Wizara au Bunge: Uanze na Tamthilia Ipi ya Siasa?

Buranda, Kundu na Kharun ni nchi tatu za Afrika ambazo hutazikuta kwenye ramani yoyote. Ya kwanza ilibuniwa na waandishi wa BBC mwaka 1980, ya pili na waandishi wa televisheni ya NBC ya Marekani mwaka 2000, na ya tatu na waandishi wa shirika la utangazaji la Denmark mwaka 2011. Zinatokea kwa muda mfupi tu ndani ya tamthilia tatu ambazo hutajwa kila mara mtu anapouliza aanzie wapi kutazama tamthilia za siasa, yaani Yes Minister, The West Wing na Borgen. Nimezitazama zote, moja kati ya hizo zaidi ya mara mbili, na nimegundua kwamba namna kila moja inavyompokea mgeni kutoka katika nchi yake ya kubuni inaonyesha upesi kuliko kitu kingine inaamini nini kuhusu serikali. Kwa Waingereza serikali ni faili, kwa Wamarekani ni mazungumzo, na kwa watu wa Denmark ni hesabu ya viti bungeni. Anayetaka kuchagua na ajiulize kwanza ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachomkosesha usingizi.

Kabla ya hapo tumalize suala la muda, kwa kuwa wengi huacha njiani kwa sababu hiyo tu. Yes Minister pamoja na mwendelezo wake, Yes, Prime Minister, ina sehemu 38, na karibu zote ni za nusu saa, hivyo kazi nzima haifiki saa 20. Borgen ya awali ina misimu mitatu ya sehemu kumi kumi, kila moja ikikaribia saa nzima, na mwaka 2022 iliongezewa msimu mwingine wa sehemu nane. The West Wing ina misimu saba na sehemu 154 za dakika zipatazo 42, maana yake ni zaidi ya saa 100. Anayenunua bando kwa wiki ataona tofauti hiyo mfukoni kabla ya kuiona kwenye skrini.

Yes Minister: faili na anayelishika

Tamthilia hii ilianza kurushwa Februari 1980, ikaendelea hadi 1984, kisha ikarudi kwa jina jipya kati ya 1986 na 1988, baada ya mhusika wake mkuu kupanda kutoka uwaziri hadi uwaziri mkuu. Iliandikwa na Antony Jay na Jonathan Lynn, na wahusika wenye uzito ni watatu tu. Yupo Jim Hacker, waziri mpya wa Wizara ya Masuala ya Utawala, aliyeigizwa na Paul Eddington. Yupo Sir Humphrey Appleby, katibu mkuu wa wizara hiyo, aliyeigizwa na Nigel Hawthorne. Na yupo Bernard Woolley, katibu wa waziri, aliyeigizwa na Derek Fowlds, kijana ambaye anamtumikia waziri kila siku ilhali kupanda kwake cheo kunamtegemea katibu mkuu. Chama cha Hacker hakitajwi hata mara moja, na hilo ni kusudi, kwa sababu hoja ya waandishi ni kwamba chama chochote kikiingia, Humphrey atakuwa pale pale.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hii ndiyo tamthilia iliyo karibu zaidi na nyumbani, ingawa ndiyo kongwe kuliko zote. Cheo cha katibu mkuu wa wizara Tanzania, Kenya na Uganda tulikirithi kwa Waingereza pamoja na masjala, dokezo, mihuri na ule utaratibu wa faili kupanda ngazi moja moja na kushuka ngazi moja moja. Kenya ilibadili jina la cheo hicho chini ya katiba ya 2010, lakini anayekikalia bado ndiye anayejua faili liko wapi. Tofauti moja ni kubwa, na inafaa kuwekwa akilini wakati wa kutazama: Hacker hana uwezo wa kumwondoa Humphrey, na Humphrey anaijua kinga hiyo vizuri. Makatibu wakuu wa kwetu huteuliwa na rais na wanaweza kutenguliwa kwa taarifa fupi ya usiku. Humphrey angeishi vingine kabisa kama angekuwa analala huku akiisubiri taarifa hiyo.

Mjomba wangu alikuwa karani wa masjala katika wizara moja kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jioni moja nilimwekea sehemu ya nne ya msimu wa kwanza, iitwayo Big Brother. Hacker anataka kuweka ulinzi wa taarifa binafsi za wananchi ndani ya hazina kuu ya taarifa ya serikali, na kila akisukuma, jambo halisogei. Mwishowe anakwenda kumwona mtangulizi wake kutoka chama pinzani, ambaye anamfunulia kwamba watumishi wana hatua tano za kuchelewesha. Kwanza wanasema serikali ndiyo kwanza imeingia na kuna mengi ya kufanya. Pili wanakubali kwamba jambo lifanyike, ila wana shaka kama hii ndiyo njia sahihi. Tatu, njia ni sahihi lakini wakati bado. Nne, yamejitokeza matatizo ya kiufundi, ya kisheria na ya kisiasa. Tano, uchaguzi umekaribia mno. "Mpwa wangu, simamisha hapo," mjomba akasema, kisha akazihesabu tena kwa vidole, safari hii kwa maneno ya ofisini kwake: mheshimiwa ndiyo kwanza ameripoti, tuunde kamati, tusubiri wakati muafaka, kuna changamoto za kisheria, tunaelekea uchaguzi. Alipomaliza kidole cha tano akaongeza cha sita, ambacho waandishi hawakukijua, nacho ni lile jibu la "suala lako linafanyiwa kazi".

Hapo ndipo nguvu ya Yes Minister ilipo. Haihitaji umjue mwanasiasa yeyote wa Uingereza wa wakati ule, kwa kuwa haiwacheki watu bali inaucheka utaratibu. Sir Humphrey akitaka kumzuia waziri asifanye jambo hampingi, bali anamsifu kwamba uamuzi wake ni wa kijasiri, na Hacker anatetemeka, maana amekwisha kujifunza kwamba uamuzi wenye utata hupoteza kura tu, lakini uamuzi wa kijasiri hupoteza uchaguzi mzima. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu halisi wakati huo, aliipenda kiasi kwamba Januari 1984 aliigiza kichekesho kifupi jukwaani pamoja na Eddington na Hawthorne. Sijui mtawala mwingine aliyefurahia namna hiyo kuonyeshwa kwamba hatawali.

Buranda inatokea mapema, katika sehemu ya pili. Rais wa nchi hiyo anatarajiwa kuzuru Uingereza, na kabla hajafika yanatokea mapinduzi, hivyo maofisa hawajui watampokea nani. Hacker anagundua kwamba rais mpya ni mtu aliyesoma naye chuo kikuu. Mgeni anakuja Scotland akiwa na hotuba mfukoni inayowahimiza Waskoti na Waairishi wajikomboe kutoka kwa ukandamizaji wa Waingereza, wakati ambapo chaguzi ndogo zinakaribia huko huko Scotland, na aya hizo anakubali kuziondoa kwa bei ya mkopo wa pauni milioni 50 usio na riba. Mara ya kwanza nilikunja uso kwa yale mapinduzi, kwa maana inaonekana nchi ya Kiafrika iliyobuniwa Ulaya haiwezi kumaliza nusu saa bila kupinduliwa. Hata hivyo nilipoitazama tena niliona kwamba mtu pekee katika sehemu nzima anayejua anachokitaka, anayekipata, na anayeondoka bila kudanganywa na Humphrey ni huyo rais wa Buranda. Waandishi wamemchora kama mwanasiasa mwenye akili kuliko wenyeji wake, na kichekesho kinawaangukia Waingereza.

Udhaifu wake ni bayana. Ilirekodiwa mbele ya watazamaji, na vicheko vyao vinasikika kila baada ya sentensi chache, jambo linalowakera walioizoea televisheni ya sasa. Karibu yote ni wanaume watatu wakizungumza ofisini. Wanawake wachache wanaojitokeza hupita tu. Na aliyetazama sehemu kumi mfululizo atahisi ameshika ufunguo wa zote, kwa sababu mara nyingi mambo yanaishia yalipoanzia. Sehemu mbili kwa jioni zinatosha.

The West Wing: watu wazuri wanaotembea haraka

Anayetoka Yes Minister na kuingia The West Wing atahisi amehama sayari. Tamthilia hii ya Aaron Sorkin ilianza kurushwa na NBC Septemba 1999 na kumalizika Mei 2006, na inahusu wasaidizi wa rais wa kubuni wa Marekani, Josiah Bartlet wa chama cha Democratic, mchumi aliyepata tuzo ya Nobel, ambaye aliigizwa na Martin Sheen. Humu hakuna Humphrey. Watumishi wa Ikulu ni watu werevu, wanaofanya kazi hadi usiku wa manane, na wanaoamini kabisa kwamba hoja nzuri ikisemwa vizuri na mtu anayefaa, nchi itasogea. Ilipata tuzo ya Emmy ya tamthilia bora miaka minne mfululizo, kuanzia 2000 hadi 2003, na umaarufu wake mwingi umetokana na jinsi inavyopigwa picha: wahusika wanazungumza huku wakitembea kwenye korido, kamera ikirudi nyuma mbele yao, mmoja akichepuka mlangoni na mwingine akiingia mahali pake bila mazungumzo kukatika.

Sehemu ya kwanza inastahili kuelezwa kwa karibu, kwani ndiyo itakayokuamulia. Asubuhi moja wasaidizi mbalimbali, kila mmoja alipo, wanapata ujumbe kwamba rais ameanguka na baiskeli kwa kugonga mti. Kwa takriban sehemu nzima rais mwenyewe haonekani. Tunawaona Josh Lyman, naibu mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, ambaye huenda akafukuzwa kwa kumtusi kiongozi wa kikundi cha kidini kwenye televisheni. Tunamwona C.J. Cregg, msemaji wa Ikulu. Toby Ziegler, mkuu wa mawasiliano. Na Leo McGarry, mkuu wao, anayejaribu kufuatilia habari za Wacuba waliopanda maboya kuelekea Florida. Mwishoni kunafanyika kikao cha usuluhishi na viongozi hao wa dini, ambacho kinaharibika, na wageni wanaanza kubishana na wenyeji kuhusu amri ya kwanza kati ya zile amri kumi ni ipi. Mlango unafunguka, na sauti inaitaja amri yenyewe neno kwa neno: mimi ni Bwana Mungu wako. Ni rais, anaingia akitembelea gongo. Kama tukio hilo litakusisimua, una saa 100 za raha mbele yako. Kama utaliona ni majigambo, usijilazimishe, kwa kuwa tamthilia nzima imejengwa kwa mbao za mti huo huo.

Kundu inajitokeza mwanzoni mwa msimu wa pili, katika sehemu iliyorushwa Oktoba 2000, na kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Rais wa nchi hiyo anakuja Washington kuomba dawa za UKIMWI kwa bei ambayo watu wake wataimudu, na kikao kinafanyika kati yake na wakuu wa kampuni za dawa. Katika uhalisi wa wakati ule, tiba ya mgonjwa mmoja kwa mwaka iligharimu zaidi ya dola 10,000. Ni Februari 2001, miezi michache baada ya sehemu hiyo kurushwa, ndipo kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza kwamba inaweza kuitoa kwa dola 350. Waandishi waliukamata mjadala ukiwa bado wa moto, na wakauandika kwa heshima. Isipokuwa kwamba katikati yake mmoja wa washauri wa Bartlet anatoa hoja kwamba hata dawa zikipatikana kuna tatizo, kwani vidonge lazima vinywewe kwa saa maalumu, na watu wale hawana saa za mkononi, hawawezi kujua ni saa ngapi.

Niliisimamisha picha hapo. Mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja aliyekunywa vidonge vyake kila siku mara tu inapopigwa ala ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na vya asubuhi alikunywa watoto wa shule walipokuwa wakipita mbele ya kibaraza chake, na sikumbuki kama aliwahi kumiliki saa. Hoja ile haikubuniwa na Sorkin, ilisemwa kweli na watu wazito wa wakati huo, na katika tamthilia inasemwa na mtu mwema mwenye huzuni ya kweli. Hicho ndicho kinachoifanya The West Wing itofautiane na Yes Minister kuliko wingi wa saa zake: Buranda ipo ili Waingereza wajicheke, ilhali Kundu ipo ili Wamarekani wawe na huruma. Na huko Kundu nako, bila shaka umekwisha kukisia, mapinduzi yanatokea rais akiwa bado ugenini.

Nisieleweke kwamba naibeza. Hakuna kati ya hizi tatu iliyowahi kunifanya nipende wahusika kama hii. Fainali ya msimu wa pili, Two Cathedrals, ambayo sitaisimulia, ni saa bora ya televisheni niliyowahi kuitazama, na anayeifikia bila kudokezewa ana bahati. Pia ni darasa zuri la jinsi mfumo wa urais unavyofanya kazi, kuanzia kura ya turufu, bajeti na uteuzi wa majaji hadi kuwasihi maseneta mmoja mmoja, na Mkenya anayeishi chini ya katiba ya 2010, yenye rais, Seneti na uteuzi unaopigiwa kura bungeni, atautambua mwingi wa mvutano huo.

Jambo la kujihadhari nalo ni msimu wa tano. Sorkin aliondoka baada ya msimu wa nne, mwaka 2003, na kazi ikashikwa na John Wells. Mwendo unabadilika, mwanga unafifia, utani unapungua, na watazamaji wengi hukwama hapo. Mimi pia nilikwama kwa karibu mwaka mzima, na niliporudi nilikuta kwamba misimu miwili ya mwisho, inayofuata kampeni ya kumpata mrithi wa Bartlet, inarejesha uhai. Mgombea mmojawapo ni Matt Santos, aliyeigizwa na Jimmy Smits, na mwandishi Eli Attie alikuja kueleza kwamba alimchora kwa kumtazama mwanasiasa chipukizi wa Illinois, mwana wa baba wa Kikenya, aliyekuwa ametoa hotuba kwenye mkutano mkuu wa chama mwaka 2004. Kuitazama kampeni ya Santos sasa, ukijua Barack Obama aliishia wapi miaka mitatu baadaye, ni kama kusoma barua iliyofika kabla ya kuandikwa.

Borgen: viti tisini

Borgen, maana yake "ngome", ni jina la mtaani la jumba la Christiansborg mjini Copenhagen, lenye bunge, mahakama ya juu na ofisi ya waziri mkuu chini ya paa moja. Iliasisiwa na Adam Price na misimu yake mitatu ya mwanzo ilirushwa kati ya 2010 na 2013. Birgitte Nyborg, aliyeigizwa na Sidse Babett Knudsen, ni kiongozi wa chama kidogo cha mrengo wa kati ambaye anajikuta waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa nchi yake. Mwaka mmoja baada ya tamthilia kuanza, Oktoba 2011, Denmark ikampata kweli waziri mkuu mwanamke, Helle Thorning-Schmidt. Mtazamaji wa Tanzania, ambaye tangu Machi 2021 anaongozwa na rais mwanamke, hatashangazwa na jinsia. Atakachokiona ni jinsi kazi inavyokula nyumba: mume anayesubiri, watoto wanaolala kabla mama hajarudi, na ndoa inayojadiliwa kama muswada. Tamthilia nyingine mbili karibu hazina sebule. Borgen inatumia nusu ya muda wake humo.

Bunge la Denmark lina viti 179, hivyo 90 ndiyo namba ya uchawi, na hakuna chama kinachoifikia peke yake. Kila uamuzi wa Nyborg unaanza kwa kuhesabu nani yuko ndani na atadai nini. Aliyeishi Kenya kati ya 2008 na 2013, wakati wa serikali ya mseto, anajua maana ya wizara kugawanywa kwa kupimana nguvu, ila Borgen inaonyesha hali hiyo ikiwa ndiyo desturi ya kila siku na si dawa ya dharura. Sehemu ya kwanza inaanza na risiti ya mkoba: waziri mkuu aliyepo amemlipia mkewe dukani London kwa kadi ya serikali, risiti inaangukia mikononi mwa mshauri wa Nyborg, Nyborg anakataa kuitumia, na mshauri anampelekea mpinzani mwingine, ambaye anaisoma mbele ya kamera usiku wa mdahalo. Mkoba tu, na serikali inaanguka. Kuna watakaosonya.

Kharun iko katika msimu wa pili, kwa sehemu mbili. Ni nchi ya Kiafrika iliyogawanyika kati ya kaskazini na kusini, yenye vita na mafuta, na Nyborg, ambaye mambo yake ya ndani yanakwenda vibaya, anajitosa kuzipatanisha pande hizo mjini Copenhagen. Jina la sehemu hizo linapindua kwa makusudi msemo wa Denmark wa baada ya kushindwa vitani mwaka 1864, kwamba kilichopotea nje kitafutwe ndani. Nyborg anakitafuta nje kilichompotea ndani. Nilifurahia ukweli huo wa waandishi kuhusu nia ya mpatanishi. Lakini mfanano na Sudan uko wazi, na mazungumzo halisi ya Sudan hayakufanyika Ulaya, bali Machakos na Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, na mkataba ukatiwa saini Nairobi Januari 2005. Televisheni ya Denmark iliihamisha meza ile hadi Copenhagen, na inapendeza kutazama sehemu hizo ukijua meza yenyewe ilikuwa wapi.

House of Cards, na suala la lugha

Wengine watauliza kuhusu House of Cards. Ile ya Uingereza ya mwaka 1990 ina sehemu nne tu, na Ian Richardson anaigiza mnadhimu mkuu wa chama tawala, ambaye Wakenya wangemwita kiranja, anayewaangusha wenzake mmoja mmoja huku akigeuka na kutunong'oneza sisi watazamaji. Sehemu ya kwanza ilirushwa siku nne kabla Thatcher halisi hajatangaza kujiuzulu. Inatazamika kwa jioni mbili, na inashinda kwa mbali ile ya Marekani ya 2013, ambayo ni ndefu mno kwa inachokisema. Ila si mahali pa kuanzia, kwa sababu inamhusu mwovu mmoja, na mfumo unaomzunguka ni pazia tu.

Lugha inabadilisha hesabu yote. Kiingereza cha The West Wing kinakwenda kasi, watu wanakatizana, na mizaha inapita kabla hujaikamata. Bila maandishi chini ya picha hata anayekijua vizuri atapoteza robo ya maneno. Kiingereza cha Sir Humphrey ni kigumu kwa namna nyingine, maana sentensi zake zimetungwa ili hata Hacker asizielewe, na hivyo kutokuelewa kwako ni sehemu ya mchezo. Bernard au Hacker atauliza kwa niaba yako. Borgen, kwa ajabu, ndiyo nyepesi, kwani iko katika Kidenishi na kila mtu anategemea maandishi, na aliyejifunza Kiingereza kwa vitabu zaidi ya masikio atajikuta sawa na mtazamaji wa London.

Kwa hiyo, anayefanya kazi ofisini, au aliyewahi kuambiwa arudi kesho, aanze na Yes Minister, na asiruke sehemu ya pili. Mwanafunzi wa siasa au sheria mwenye subira, anayetaka kupenda watu na si kuwacheka tu, aanze na The West Wing, aifuate hadi mwisho wa msimu wa nne, kisha apumzike bila kujilaumu kabla ya kuendelea. Anayetazama na mwenzi wake achukue Borgen, kwa tahadhari kwamba mazungumzo kuhusu nani alirudi nyumbani saa ngapi yanaweza kuendelea baada ya televisheni kuzimwa. Kwa asiyejitambua katika hao wote, mpangilio wangu ni Waingereza kwanza, Denmark pili na Wamarekani mwisho, kwa sababu matumaini ya Bartlet yanaonja vizuri zaidi kwa mtu aliyekwisha kukutana na Humphrey.

Mjomba aliufuata mpangilio huo nusu nusu. Alizimaliza sehemu zote 38, akaikataa Borgen kwa sababu ya kusoma maandishi, na sasa tuko msimu wa pili wa The West Wing. Anampenda Leo na humsifia C.J., ila juzi, Josh na Toby walipokuwa wakikata kona ya tatu ya korido bila kuketi, aliinamia skrini na kuuliza, "Hawa wanatembea tu, dokezo wanaandika saa ngapi?"